Risasi ya Mpanda, bati la Karagwe: gharama ya lehemu mpya inaangukia wapi?

MNUNUZI wa jumla anayefungua katoni ya redio au taa za sola mjini Tabora hukagua kwanza bei, kisha umbo, halafu huwasha kimoja kuona kama kinafanya kazi. Kitu ambacho hakikagui, kwa sababu kimefungiwa ndani, ndicho kinachoamua kama mteja wa Urambo au Sikonge atarudi baada ya miezi sita kununua kingine au kudai fedha zake. Kitu hicho ni lehemu, ile metali laini inayoyeyushwa ili kushikiza vifaa kwenye bodi ya saketi.

Kwa miongo mingi lehemu ya elektroniki ilikuwa ni mchanganyiko wa bati na risasi. Mambo yalibadilika Julai 1, 2006, pale Umoja wa Ulaya ulipoanza kutumia sheria inayozuia risasi kuzidi asilimia 0.1 ya uzito wa kila aina ya malighafi iliyomo katika vifaa vingi vya umeme na elektroniki. China nayo ilianza kutumia kanuni zake Machi 1, 2007, ambazo kwanza zilidai alama na maelezo juu ya bidhaa. Kiwanda kinachouza dunia nzima hakiwezi kuendesha mistari miwili ya uzalishaji kwa faida, hivyo lehemu isiyo na risasi ilifika Afrika Mashariki bila sheria yoyote ya hapa kuidai.

Matokeo yake ni kwamba sokoni kuna lehemu za aina mbili kwa wakati mmoja. Ndani ya simu na redio mpya za viwanda vikubwa hakuna risasi, lakini waya yenye risasi bado inauzwa na kutumika katika meza za ufundi. Mafundi wengi huiita waya hiyo "risasi" tu, hata pale ambapo risasi haimo, na hapo ndipo makosa mengi ya ununuzi yanapoanzia.

Kwa wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wa kanda ya magharibi swali si kama risasi ni sumu. Hilo limekwisha kujibiwa na madaktari. Swali ni nani amebebeshwa gharama ya kuiondoa, na gharama hiyo inaingia wapi katika hesabu za duka, za karakana na za machimbo.

NJIA YA MISAFARA, NJIA YA METALI

Tabora ni mahali panapofaa kupigia hesabu hiyo, maana mji huu upo katikati ya metali zote mbili.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilipofika Tabora, ambayo wageni wa wakati huo waliiandika pia kwa jina la Kaze, ilikuwa na njia kubwa tatu mbele yake. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema. Ya pili ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na kuendelea Buganda. Ya tatu ilielekea kusini-magharibi, kupitia Ukonongo kwenda Katanga. Pembe za ndovu na watumwa ndiyo biashara inayokumbukwa zaidi, lakini metali nazo zilisafiri. Wanyamwezi na majirani zao walileta shaba ya Katanga. Msiri, aliyeanzisha utawala wa Wayeke huko Garenganze katikati ya karne hiyo, alitokea upande huu, na baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba.

Reli ya Kati ilifuata nyayo hizo hizo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia lilijengwa tawi jingine la takriban kilometa 210, kutoka Kaliua hadi Mpanda. Sababu ya tawi hilo ilikuwa moja: risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa ikichimba Mpanda mawe yenye risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1960, na reli ikabaki kuwatumikia abiria na mazao.

Upande wa pili ni bati. Hapa haisemwi bati la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki, bali metali yenyewe ya bati. Njia ya kaskazini iliyokuwa ikienda Karagwe inaishia katika nchi yenye machimbo ya bati ya Kyerwa, mkoani Kagera, ambako wachimbaji wadogo wanafanya kazi hadi leo. Njia ya magharibi inaingia Manyema, nchi ya bati la Kalima nchini Kongo, na kaskazini ya Manyema ipo Walikale yenye mgodi mkubwa wa Bisie.

Kwa maneno mengine, sheria iliyopitishwa Brussels iliiondoa kwenye lehemu metali iliyojengewa reli ya Mpanda na kupandisha hitaji la metali inayotoka mwisho wa njia nyingine mbili za Tabora.

HESABU YA KILO MOJA

Lehemu ya zamani iliyotumika sana ina bati asilimia 63 na risasi asilimia 37. Mpya inayotumika sana viwandani, ijulikanayo kwa jina la SAC305, ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5. Ipo pia ya bei nafuu isiyo na fedha, yenye bati asilimia 99.3 na shaba asilimia 0.7.

Ili kuonyesha tofauti, tuchukue bei za mfano, si za soko la wiki hii: bati dola 30 kwa kilo, risasi dola 2 kwa kilo, shaba dola 9 kwa kilo na fedha dola 1 kwa gramu. Malighafi ya kilo moja ya lehemu itagharimu hivi:

Bati na risasi (63/37): dola 19.64
Bati na shaba (99.3/0.7): dola 29.85
SAC305: dola 59.00

Mfanyabiashara atazame mstari wa mwisho. Gramu 30 tu za fedha zimechukua dola 30, yaani zaidi ya nusu ya gharama yote. Anayeweka akiba ya SAC305 dukani anadhani ameweka bati, kumbe ameweka pia fedha, na bei yake itapanda na kushuka kwa kufuata soko la vito na la akiba za matajiri kuliko mahitaji ya mafundi wa redio.

Kuna afueni ndogo. Lehemu isiyo na risasi ni nyepesi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo kilo moja ya SAC305 hutoa waya mrefu zaidi kwa takriban asilimia 13 kuliko kilo ya ile ya zamani yenye unene sawa. Asiyelijua hilo hulinganisha bei kwa kilo na kukosea.

Sasa tuhamishe hesabu hiyo kwenye bidhaa. Tuseme redio moja inatumia gramu 5 za lehemu, na mnunuzi anaagiza redio 1,000. Kwa bei zetu za mfano, lehemu ya zamani katika mzigo wote ingegharimu dola 98 na SAC305 dola 295. Tofauti ni dola 197, karibu senti 20 za dola kwa kila redio. Ikiwa kila redio inayorudishwa na mteja inamtia muuzaji hasara ya dola 6, basi redio 33 tu kati ya 1,000 zinatosha kumeza tofauti yote hiyo. Ndiyo maana anayeshindania senti za lehemu bila kuuliza redio ngapi hurudishwa anashika upande usio na faida wa hesabu.

BATI SOKONI LONDON

Kwa anayeuza au kununua bati lenyewe, hadithi ni nyingine. Karibu nusu ya bati linalotumika duniani huishia kwenye lehemu. Kila kilo ya lehemu iliyohama kutoka mchanganyiko wa zamani kwenda mpya iliongeza mahitaji ya bati kwa zaidi ya theluthi moja ya kilo.

Katika Soko la Metali la London tani moja ya bati ilikuwa ikiuzwa kwa wastani wa karibu dola 4,000 mwaka 2002. Mwezi Aprili 2011 ilivuka dola 33,000, na Machi 2022 ilivuka dola 48,000. Kabla ya mwaka huo wa 2022 kwisha ilikuwa imeanguka chini ya dola 20,000. Si kupanda kote huko kulikotokana na lehemu. Uchumi wa China, mauzo ya Indonesia na walanguzi wa masoko ya fedha wote walikuwa na mkono wao. Lakini bidhaa ambayo nusu yake hutegemea mteja mmoja, yaani viwanda vya elektroniki, haiwezi kutulia pindi mteja huyo anapokohoa.

Wenye kumbukumbu ndefu hawasahau Oktoba 1985. Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua bati ili kuilinda bei, liliishiwa fedha, soko la London likasimamisha biashara ya bati na halikuifungua tena mpaka mwaka 1989. Machimbo mengi duniani yalifungwa. Mwekezaji mdogo anayekopa kwa kutegemea bei ya leo ya Kyerwa ana sababu ya kuukumbuka mwaka huo.

Mtikisiko wa karibuni ulitokea jirani kabisa. Machi 2025 mgodi wa Bisie, unaotoa takriban asilimia 6 ya bati linalochimbwa duniani, ulisimamisha kazi wakati wapiganaji wa M23 walipoelekea Walikale. Bei ya London iliruka mara moja. Mwezi uliofuata wapiganaji waliondoka mjini Walikale na mgodi ukaanza kurejea kazini kwa awamu.

Bei nzuri peke yake haitoshi. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni kueleza kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Tanzania inapakana na Kongo kwa Ziwa Tanganyika, hivyo bati la Kyerwa, ambalo halikuhusika na vita yoyote, liliingizwa katika kapu lile lile. Septemba ya mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, zuio lililoondolewa Machi 2011. Tangu wakati huo gunia la bati lisilo na hati ya asili yake huuzwa kwa bei ya kutupa au kwa njia za panya. Serikali ya Tanzania ilipoanza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, Kyerwa nayo ilipata soko lake la bati. Mnunuzi anayepita nje ya soko hilo anaokoa tozo lakini anapoteza karatasi ambayo ndiyo nusu ya thamani ya mzigo.

JE, LEHEMU MPYA HUDUMU?

Hapa ndipo mabishano yalipo, na pande zote mbili zina hoja.

Lehemu ya zamani huyeyuka kwa nyuzi 183 za Sentigredi. SAC305 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, na ile ya bati na shaba kwenye nyuzi 227. Tofauti hiyo ya nyuzi 34 hadi 44 huonekana ndogo, lakini kila kifaa kilichomo kwenye bodi hulazimika kuivumilia. Kapasita hafifu huvimba, bodi ya bei rahisi hupasuka tabaka, na kifaa kilichonyonya unyevu ghalani kinaweza kutumbuka kinapopitishwa kwenye tanuri. Kiwanda kikubwa kilibadilisha vifaa vyote kuendana na joto hilo. Kiwanda cha uchochoroni kilibadilisha lehemu tu.

Baada ya kuganda, lehemu mpya ni ngumu zaidi. Ugumu huo huisaidia pale ambapo joto hupanda na kushuka kwa kiasi, na majaribio mengi yanaonyesha kuwa katika hali hiyo SAC hudumu sawa na ya zamani au kuizidi. Lakini kitu kikianguka sakafuni, lehemu laini hupinda kidogo na kunusurika, ilhali ngumu hupasuka. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa simu walitafuta michanganyiko yenye fedha kidogo zaidi, ambayo ni laini kuliko SAC305. Taa ya sola itakayofungwa ukutani na redio itakayofungwa kwenye baiskeli ya kwenda shamba la tumbaku si wateja wa lehemu ya aina moja.

Mfano unaotajwa mno ni wa mashine ya michezo ya Xbox 360. Julai 2007 kampuni ya Microsoft ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya dhamana, baada ya mashine nyingi kuzimika na kuonyesha taa nyekundu. Lehemu isiyo na risasi ndiyo iliyobebeshwa lawama mitaani. Miaka mingi baadaye kampuni yenyewe ilieleza kuwa viunganisho vilivyokatika vilikuwa ndani ya vijenzi vyenyewe, vikivunjwa na joto la kuwaka na kuzima. Fundisho kwa mnunuzi ni kwamba joto lisilopata pa kutokea huua lehemu ya aina yoyote, na matundu ya hewa katika boksi la kifaa yana thamani kuliko maandishi yaliyoko juu ya boksi hilo.

Tatizo la pili huitwa sharubu za bati. Bati tupu lililopakwa juu ya chuma au shaba linaweza kuotesha nyuzi nyembamba kuliko unywele, na uzi mmoja ukigusa sehemu ya jirani hufupisha umeme. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1940, na dawa iliyopatikana ilikuwa kuchanganya risasi kidogo. Mei 1998 setilaiti ya Galaxy IV iligeuka ikaacha kuitazama dunia, na sehemu kubwa ya peja za Marekani zikanyamaza. Sharubu za bati ndizo zilizoonekana kuwa chanzo. Hiyo ilikuwa kabla ya sheria ya Ulaya, kwa hiyo sheria haikuzaa tatizo, ila ilimnyima fundi dawa yake rahisi.

Watunga sheria walilijua hilo. Vifaa vya kijeshi na vya kwenda angani viliachwa nje ya sheria, na lehemu zenye risasi zaidi ya asilimia 85, zinazotumika mahali pa joto kali, zilipewa msamaha. Vifaa vya tiba viliongezwa baadaye, mwaka 2014. Kwa lugha ya biashara, Ulaya ilikubali hatari ya kuharibika pale ambapo hasara ni redio, na kuikataa pale ambapo hasara ni uhai.

SUMU ILIKO HASA

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu huathiri ubongo unaokua na madhara yake hayarudi nyuma. Katika meza ya fundi risasi haipandi hewani kama moshi kwa joto la kawaida la pasi ya kulehemu. Moshi unaoonekana hutokana na ulimbo uliomo kwenye waya, nao huweza kuleta pumu, uwe na risasi au usiwe nayo. Risasi huingia kwa mikono: kushika waya, kula muhogo bila kunawa, kufagia vumbi la meza katika chumba ambacho watoto hulala. Karakana iliyomo ndani ya nyumba ya kuishi inabeba gharama ambayo haimo katika daftari lolote.

Je, lehemu mpya ni safi? Mwaka 2005 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilitoa uchambuzi wa maisha yote ya lehemu, kuanzia mgodini hadi jalalani. Jibu lake halikumfurahisha mtu wa upande wowote. Lehemu yenye risasi ilikuwa mbaya zaidi kwa sumu inayowafikia watu na viumbe vya majini. SAC ilikuwa mbaya zaidi katika matumizi ya nishati na maliasili, na sababu kubwa ilikuwa ni fedha ile ya asilimia 3, ambayo kuichimba na kuisafisha kunahitaji mawe mengi na moto mwingi. Uchafu mmoja uliondolewa jalalani na mwingine ukaongezwa mgodini.

Kuna jambo kubwa kuliko hayo yote. Zaidi ya asilimia 80 ya risasi ya dunia huingia kwenye betri, na lehemu ya elektroniki haikupata kuwa zaidi ya sehemu ndogo sana. Betri moja ya gari au ya sola ya aina ya zamani ina kilo kadhaa za risasi, ilhali redio ina gramu. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kiliacha familia zenye risasi kwenye damu. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika ngazi za rufani kwa miaka. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015.

Mfanyabiashara wa sola anayejivunia taa zisizo na risasi, halafu akauza betri chakavu kwa yeyote mwenye toroli na shoka, ameokoa gramu na kumwaga kilo.

Sheria nazo zinakaza. Tanzania ina kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021, na tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea iridhie kwanza kabla taka zozote za elektroniki hazijasafirishwa kuvuka mpaka. Anayeagiza shehena ya "mitumba" ya kompyuta ambayo nusu yake haiwaki anaweza kukuta bandarini kwamba ameagiza taka.

KWENYE MEZA YA FUNDI

Fundi aliyezoea lehemu ya zamani huona kiungo kinachong'aa na kujua kimeshika. Lehemu mpya hufifia hata ikishika vizuri, hivyo fundi huichoma tena na tena mpaka anaharibu bodi. Ncha ya pasi nayo huliwa haraka zaidi. Anayewekeza katika karakana aingize katika hesabu yake pasi yenye kudhibiti joto na ncha za akiba, la sivyo atalipa kwa njia ya simu za wateja zilizoungua.

Kuchanganya kunahitaji hadhari. Kiungo cha lehemu mpya kikirekebishwa kwa ya zamani mara nyingi kitafanya kazi, ila uimara wake hautabiriki. Ni bora kunyonya lehemu iliyokuwepo kwanza. Hatari zaidi ni lehemu za joto dogo zenye bismuthi, ambazo huyeyuka kwenye nyuzi 138 na sasa hutumika katika baadhi ya bidhaa. Zikikutana na risasi huweza kuzaa mchanganyiko unaolainika kwenye nyuzi 96, joto ambalo kifaa cha umeme mwingi kinaweza kulifikia kikiwa kazini.

USHAURI KWA WANUNUZI

Kwa bidhaa mpya, lehemu isiyo na risasi ya kiwanda chenye jina ina nafuu kwa ujumla, na tofauti ya gharama kwa kifaa kimoja ni ndogo. Bidhaa ya kuogopwa ni ile iliyobadilishiwa lehemu bila kubadilishiwa vifaa. Mnunuzi afungue vifaa viwili au vitatu vya sampuli, atazame bodi, aviangushe, aviache viwake mchana kutwa chini ya bati la paa mwezi wa Oktoba, kisha ndipo aandike hundi.

Kwa waya wa lehemu, asome maandishi ya kigurudumu: Sn ni bati, Pb ni risasi, Ag ni fedha, Cu ni shaba, Bi ni bismuthi. Kigurudumu kisicho na maandishi hayo kisinunuliwe kwa bei yoyote. Aina mbili ziwekwe rafu mbili, na muuzaji amwambie fundi anachomuuzia.

Kwa bati la Kyerwa, hati kwanza, bei baadaye, na mkopo uhesabiwe kwa bei ya mwaka mbaya.

Kwa betri chakavu, zikusanywe nzima, zisipasuliwe, na zikabidhiwe kwa mwenye kibali.

Wakuu wa misafara waliokuwa wakipanga mizigo yao Tabora walijua kuwa ushanga unaopendwa Ujiji unaweza kukataliwa Karagwe, na aliyebeba rangi isiyotakiwa alirudi na mzigo wake huku wapagazi wakidai posho. Anayeagiza elektroniki leo yuko katika hali ile ile, isipokuwa rangi anayopaswa kuijua imefichwa ndani ya boksi.